Maswali yenu: Althea Gibson, bingwa ambaye taji halikumlisha

Toleo lililopita tuliongelea Serena Williams na mataji yake ya tenisi, katikati hapo likapita jina la Althea Gibson mstari mmoja tu. Maswali yaliyoingia baada ya hapo karibu yote yanamhusu huyo Althea, na mi nimefurahi kweli kwasababu huyu mama nimemsoma miaka mingi na bado kila nikifika kwenye habari za uzee wake roho inaniuma. Basi ukurasa wote leo ni wake.

Dada shikamoo. Sisi huku kijiweni tunabishana, mmoja anasema mwanamke mweusi wa kwanza kubeba Wimbledon, yale mashindano ya Uingereza, ni Venus dada yake Serena mwaka 2000, mwingine anasema ni Serena. Tumalizie huu ubishi. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Wote wawili wamekosa. Ni Althea Gibson, Julai 1957, fainali alimfunga Mmarekani mwenzake Darlene Hard 6-3 6-2 na Malkia Elizabeth alikuwepo pale uwanjani akamkabidhi ile sahani kwa mkono wake. Mwaka uliofuata akarudi akaichukua tena, safari hiyo akimfunga Muingereza Angela Mortimer 8-6 6-2. Venus alipokuja kushinda mwaka 2000 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza tangu Althea, yaani miaka 42 imepita hapo katikati. Na Serena alipochukua US Open 1999 ilikuwa hivohivo, wa kwanza tangu Althea 1958.

Alafu Wimbledon yenyewe haikuwa ya kwanza. Mwaka 1956 alishinda mashindano ya Ufaransa pale Paris, na hapo ndo akawa mtu mweusi wa kwanza, mwanaume au mwanamke, kushinda taji la Grand Slam, yaani yale mashindano makubwa manne ya tenisi. Arthur Ashe, yule bingwa mweusi wa Marekani ambaye wengi mnamtaja kama mwanzo wa yote, alikuwa mtoto wa miaka 12 wakati huo. Ukijumlisha yote Althea ana mataji 11 ya Grand Slam, matano ya mchezaji mmoja mmoja, matano ya wawili wawili wanawake na moja la mseto (mwanamke na mwanaume). Mwambie mwenzako hayo yote aliyachukua ndani ya miaka mitatu tu, 1956 mpaka 1958.

Tenisi enzi hizo si ulikuwa mchezo wa matajiri wenye vilabu vyao? Mtoto wa maskini alifikaje huko? (Mama wa watoto wawili, Nakuru)

Mama, ulikuwa wa matajiri kwelikweli, na ndo maana hadithi yake inaanzia barabarani na sio kwenye kilabu. Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 sehemu inaitwa Silver, South Carolina, wazazi wake wakilima pamba kwenye shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Hali ilipobana wakahamia New York mtaa wa Harlem, yeye bado mdogo. Sasa pale Harlem polisi walikuwa na utaratibu wa kufunga baadhi ya barabara magari yasipite mchana ili watoto wapate pa kucheza, na barabara ya 143 waliyokuwa wanaishi kina Althea ilikuwa mojawapo. Wakawa wanacheza mchezo unaofanana na tenisi ila kiwanja ni kifupi na unapigia kibao badala ya raketi ya nyuzi. Kufika miaka 12 alikuwa bingwa wa jiji zima kwenye mchezo huo.

Shuleni sasa, mtoro. Anashinda kwenye majumba ya sinema, baba anampiga, anakimbia nyumbani, baba huyohuyo akamfundisha ngumi ili mtaani asionewe. Mtu aliyemuona ni mwanamuziki anaitwa Buddy Walker aliyekuwa anasimamia michezo ya watoto pale, akamnunulia raketi iliyotumika akamwambia kapige ukutani, na baadae akamfikisha kwenye kilabu cha Cosmopolitan, kilabu cha watu weusi wenye uwezo wao hapo Harlem, watu wakachanga hela ya ada yake. Kocha wake wa kwanza pale, Fred Johnson, alikuwa na mkono mmoja.

Ila sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1946. Madaktari wawili weusi, Hubert Eaton wa Wilmington North Carolina na Robert Walter Johnson wa Lynchburg Virginia, walimuona akipoteza fainali wakaona hapana, huyu binti ana kitu. Wakagawana kazi. Wakati wa shule anakaa kwa Eaton, ambaye alikuwa na kiwanja cha tenisi uani kwake, likizo anaenda kwa Johnson anazungushwa kwenye mashindano. Na sharti likawa asome. Yaani dada mzima wa miaka 19, ameshafanya kazi, ameshaishi mwenyewe jijini, anarudi kukaa darasani na watoto wadogo kwake, tena kusini ambako kwenye basi lazima ukae nyuma. Alikubali, akamaliza sekondari 1949, akaenda chuo cha Florida A&M akapata digrii 1953. Watu wanasimulia kipaji chake tu, mi naona kule kukubali kurudi darasani ndo kulikombeba. Na hao madaktari pia tusiwasahau, yule Johnson ndo huyohuyo aliyekuja kumlea Arthur Ashe kimchezo.

Nimesikia kwamba alikuwa anakataliwa kucheza mpaka mchezaji mzungu alipoandika gazetini. Ni kweli au watu wanapamba? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli kabisa. Chama cha tenisi cha Marekani kilikuwa hakimruhusu mtu mweusi kwenye mashindano yake makubwa, na kwasababu hiyo watu weusi walishaanzisha chama chao, ATA, tangu 1916. Huko ATA Althea alishinda taji la wanawake miaka 10 mfululizo kuanzia 1947. Kila mtu anajua huyu ni bingwa lakini ni bingwa wa ndani ya uzio wa weusi tu. Kwenye karatasi hakuna aliyeandika kwamba weusi marufuku, walichofanya ni kusema ili uingie mashindano ya taifa pale Forest Hills lazima kwanza ucheze vizuri mashindano ya awali, na hayo ya awali yanachezwa kwenye vilabu ambavyo mtu mweusi haalikwi. Umeona hapo, mlango umefungwa na hakuna anayeonekana ameufunga.

Aliyeandika ni Alice Marble, bingwa wa Wimbledon 1939 na bingwa wa Marekani mara nne, kwenye gazeti la American Lawn Tennis la Julai 1950. Hakuomba huruma. Alisema kama Althea ni tishio kwa wachezaji waliopo basi haki ni wakutane nae uwanjani, na kama mchezo wa tenisi ni wa watu waungwana basi waache unafiki. Mwezi uliofuata Althea akaingia Forest Hills, tarehe 28 Agosti 1950, miaka 23, mtu mweusi wa kwanza kucheza pale, akashinda mechi ya kwanza 6-2 6-2.

Mechi ya pili sasa, hapa mkae vizuri. Alikutana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon miaka mitatu mfululizo. Seti ya kwanza kapigwa 6-1, ya pili akachukua 6-3, ya tatu akawa anaongoza 7-6 (kumbukeni enzi hizo hakuna taibreki, seti inaenda tu mpaka mmoja amzidi mwenzake gemu mbili) mara ikaja radi na mvua kubwa, na radi ikapiga sanamu moja ya tai la jiwe juu ya uwanja likaanguka. Mechi ikaahirishwa. Usiku mzima hajalala vizuri, asubuhi waandishi wamemzunguka, wakarudi uwanjani kwa dakika chache tu akapoteza 9-7. Gemu moja tu ilikuwa inamtenganisha na kumtoa bingwa. Na baada ya hapo hakupanda moja kwa moja kama wengi mnavodhani, miaka kama mitano alikuwa anazunguka tu, anafundisha chuoni Missouri kwa mshahara mdogo, mpaka akafikiria kuacha mchezo aingie jeshini. Kilichomrudisha ni ziara ya Asia 1955 ambayo serikali ya Marekani ilimpeleka na wachezaji wengine watatu, wakapita Burma, India, Pakistan na kwingineko, huko akacheza kila wiki, akapata raha ya mchezo tena, na kutoka huko moja kwa moja Ulaya akaanza kubeba mataji.

Ndani ya hiyo miaka kabla ya ziara kulikuwa na kocha mwingine, Sydney Llewellyn, aliyembadilisha mpaka namna ya kushika raketi. Althea mwenyewe alikuwa mrefu, kama mita 1.80, anapiga mpira wa kuanzia kwa nguvu alafu anaukimbilia wavu, mtindo ambao wanawake wachache sana walikuwa wanacheza.

Samahani dada, kuna kitu kinanikera. Nimesoma alisema yeye hapiganii haki za weusi, yeye ni mchezaji tu. Sasa tumsifie kwa lipi? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Usiombe samahani, hata magazeti ya watu weusi wa Marekani wakati huo yalimkasirikia kwa hilohilo. Ni kweli alikuwa anasema yeye ni mchezaji wa tenisi, hataki kufanywa msemaji wa watu wote.

Lakini hebu tuangalie mwaka 1957 wenyewe. Julai anapeana mkono na Malkia, anarudi New York anapokelewa kwa gwaride Broadway, watu kama laki moja, makaratasi yanamwagwa kutoka maghorofani, kabla yake Mmarekani mweusi aliyefanyiwa hivo alikuwa mkimbiaji Jesse Owens peke yake. Mwezi huohuo anaenda kucheza karibu na Chicago, hoteli za pale zinamnyima chumba. Septemba anashinda taji la Marekani Forest Hills, anamfunga Louise Brough yuleyule wa mwaka wa radi 6-3 6-2, makamu wa rais Nixon anamkabidhi kombe, na wiki hiyohiyo kule Little Rock, Arkansas, watoto tisa weusi wanazuiwa na wanajeshi wasiingie shuleni. Ye mwenyewe aliandika kwamba kushikana mkono na Malkia ni mbali sana na kulazimishwa kukaa sehemu ya weusi kwenye basi kule Wilmington. Mtu anayeandika hivo hajasahau ametoka wapi.

Mi naona alikuwa amechoka kuulizwa. Mzungu akishinda anaulizwa kuhusu mchezo, ye akishinda anaulizwa kuhusu rangi, akishindwa vilevile rangi. Alitaka saa moja ya kuwa Althea tu. Unaweza usikubaliane nae na bado ukaheshimu alichofanya, kwasababu kila alipoingia kiwanjani alikuwa anafanya kitu ambacho hotuba haikuwa imefanya bado.

Kwanini aliacha 1958 akiwa bora duniani? Nani anaacha akiwa juu? (Msomaji, Kigoma)

Njaa kaka. Naomba watu walielewe hili vizuri maana siku hizi mtu anashinda Grand Slam anaondoka na mamilioni, tunadhani ilikuwa hivo siku zote.

Kabla ya 1968 mashindano makubwa yote yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Hakuna zawadi ya pesa. Wimbledon unashinda unapewa kombe, chakula cha jioni na nauli wengine wamekuchangia. Ukikubali kulipwa kucheza unafungiwa hayo mashindano moja kwa moja. Sasa mzungu wa kilabu ana baba mwenye kampuni, au ana mume, au kilabu kinamtafutia kazi ya jina tu. Althea alikuwa bingwa wa dunia, picha yake iko kwenye jalada la Time na Sports Illustrated, shirika la habari la AP limemchagua mwanamichezo bora wa kike 1957 na 1958, alafu hana hata hela ya kodi ya nyumba. Aliwahi kusema kuwa malkia wa tenisi ni jambo zuri lakini taji huwezi kulila. Basi mwishoni mwa 1958 akiwa na miaka 31 akaingia kulipwa.

Na kwa mwanamke kulipwa kulikuwa wapi? Hakukuwa na ligi, hakukuwa na ratiba. Alicheza mechi za maonyesho kabla ya Harlem Globetrotters, wale wa basketi, yaani watu wamekuja kuona basketi na wao, Althea na mchezaji mwenzake Karol Fageros, wanatandika kiwanja chao ndani wanacheza kwanza. Pesa ilipatikana hapo kwa muda. Baadae wakajaribu kuandaa ziara yao wenyewe ikawatia hasara. Wachezaji wazungu waliokuwa chini yake walipata mikataba ya matangazo na kazi za vilabu, ye hakupigiwa simu.

Alafu tenisi ikaja kufunguliwa 1968, wa ridhaa na wa kulipwa wote wacheze pamoja kwa pesa, ye ana miaka 40. Hata hapo mwanamke alipewa kidogo, Billie Jean King alishinda Wimbledon mwaka huo akapata pauni 750, mwanaume Rod Laver akapata 2,000. Wimbledon haikulipa sawa mpaka 2007, na Venus ndo aliyepigania hilo kwa sauti na ndo alibeba taji la mwaka huohuo. Mi ukiniuliza Althea aliidai nini tenisi, nakwambia aliidai mshahara wa maisha mazima.

Eti aliimba pia? (Msomaji, Zanzibar)

Eeh. Alitoa albamu 1959 na akaigiza kwenye filamu moja ya muongozaji John Ford mwaka huohuo. Na 1964 akaingia gofu, mwanamke mweusi wa kwanza kwenye LPGA, ligi ya gofu ya wanawake wa kulipwa, akiwa na miaka 37. Vilabu vingine vilimruhusu kucheza kwenye nyasi zao lakini sio kuingia ndani, akawa anabadilishia viatu kwenye gari. Hakushinda taji la gofu, alichokaribia ni kulingana nafasi ya pili 1970. Tuseme alikuwa anatafuta riziki kwa kila alichokuwa nacho.

Naomba kujua mwisho wake ulikuwaje, na huyo rafiki yake Muingereza niliyesikia habari zake. (Mama Neema, Arusha)

Mama Neema, rafiki huyo ni Angela Buxton, Myahudi wa Uingereza, ambaye nae vilabu vya London vilikuwa vinamkataa kwa Uyahudi wake. Mwaka 1956 kila mtu ana mwenzake wa kucheza nae wawili wawili isipokuwa hawa wawili, hakuna aliyewataka. Wakaungana, wakachukua Ufaransa, wakachukua Wimbledon. Buxton alikuwa anasimulia kwamba gazeti moja la kwao liliandika habari ile kwa herufi ndogo kabisa, kwamba watu wa jamii za wachache wameshinda.

Miaka ya 90 Althea alipata kiharusi, akawa anaishi peke yake East Orange, New Jersey, hana hela ya kodi wala dawa. Alijifungia, hataki watu wamuone. Mwaka 1995 akampigia simu Buxton, na maneno yake yalikuwa ya mtu anayeaga dunia. Buxton akalipa madeni aliyoweza, alafu bila kumwambia akapeleka barua kwenye jarida la Tennis Week kueleza hali ilivo. Bahasha zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali, kwa jumla karibu dola milioni 1. Wachezaji wa zamani, mashabiki, watu wasiomjua. Ile pesa ndo ilimtunza mpaka alipofariki tarehe 28 Septemba 2003, miaka 76.

Nafurahi ile michango ilikuja. Ila nauliza na nitaendelea kuuliza, vyama vya tenisi vilikuwa wapi miaka yote ile mpaka iwe barua ya rafiki? Mwaka 1997 walifungua uwanja mkubwa wa US Open wakaupa jina la Arthur Ashe, na Ashe anastahili kabisa, lakini Althea alikuwa hai wakati huo, anaumwa, jimbo la jirani tu. Sanamu lake nje ya uwanja huo liliwekwa 2019, miaka 16 baada ya kuzikwa. Barabara ya 143 Harlem ikapewa jina lake 2022, na 2025 sura yake ikawekwa kwenye sarafu ya robo dola ya Marekani. Huyu aliyekosa hela ya dawa.

Kati yake na Serena nani zaidi? (Wengi mmeuliza)

Serena ana mataji 23 ya mchezaji mmoja mmoja, alianza 1999 akamalizia 2017, amekaa namba moja wiki 319. Kwa namba hakuna mjadala. Lakini Althea aliruhusiwa kuingia mlangoni akiwa na miaka 23, na njaa ikamtoa akiwa na 31. Serena akiwa na 23 alikuwa tayari ana mataji saba. Mi siwezi kuwapima mizani moja wakati mmoja ameibiwa nusu ya muda wake.

Binti yangu ana miaka 8, baada ya kumuona Angella Okutoyi kwenye tivii anataka tenisi. Raketi ni ghali. Nianzie wapi? (Baba, Thika)

Baba, umesema jina zuri. Okutoyi alilelewa na bibi yake Nairobi, na 2022 alishinda Wimbledon ya wasichana wadogo, wawili wawili, Mkenya wa kwanza kufika hapo. Kwahiyo kwa binti yako sio ndoto ya nchi nyingine.

Usinunue raketi ya mtu mzima ukidhani atakua nayo, itamuumiza mkono. Miaka 8 inchi 23 mpaka 25 inatosha, na iliyotumika sio mbaya. Cha muhimu kuliko raketi ni mpira. Kuna mipira laini ya watoto, mwekundu unaenda polepole kuliko yote, unafuata wa rangi ya chungwa alafu wa kijani, na kiwanja nacho kinaanza kifupi kinakuwa kirefu taratibu. Tangu 2012 sheria za shirikisho la kimataifa, ITF, hazitaki watoto wa miaka 10 kushuka chini washindane na ule mpira wa njano wa wakubwa. Ukikuta kocha anampa mtoto wa miaka 8 mpira wa njano kiwanja kizima, tafuta mwingine.

Na kama bado hujapata kocha mtafutie ukuta usio na madirisha, chora mstari wa chaki urefu wa wavu, kama sentimita 90 kutoka chini, apige nusu saa jioni. Alafu nenda chama cha tenisi cha Kenya uulize mazoezi ya watoto yaliyo karibu na wewe, na ukienda nenda nae mwenyewe wamuone akipiga.